Makerere na historia ya tiba: kumbukumbu za Mengo, ugomvi wa Entebbe

Shule ya tiba ya Makerere, iliyoanza mwaka 1924 katika kilima cha Mulago mjini Kampala, ilitimiza miaka 100 mwaka 2024. Karne hiyo husimuliwa zaidi kwa kuhesabu madaktari waliotoka hapo kwenda kutibu Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mchango wake mwingine hutajwa kwa nadra: ni miongoni mwa mahali ambapo historia ya tiba ya Afrika Mashariki ilianza kuandikwa kitaalamu. Walioiandika hawakuwa wanahistoria. Walikuwa madaktari wa patholojia, watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuchunguza maiti na vipande vya uvimbe.

Malighafi ya historia hiyo ilitangulia chuo chenyewe. Daktari Albert Cook, mmisionari wa Kianglikana, alifika Kampala mwezi Februari 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo mwaka huohuo. Pamoja na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, na nduguye Jack, pia daktari, alijenga desturi ambayo hospitali nyingi za misheni hazikuwa nayo: kuandika habari za wagonjwa moja baada ya nyingine, ugonjwa, matibabu na matokeo, na kuzihifadhi. Serikali ilipoanza kufundisha tiba Mulago, Mengo tayari ilikuwa na kumbukumbu za zaidi ya robo karne. Sehemu kubwa ya hazina hiyo iliishia katika maktaba ya kitivo cha tiba cha Makerere, inayoitwa kwa jina la Cook.

Aliyeifanya historia kuwa kazi ya chuo ni J. N. P. Davies, profesa wa patholojia Makerere katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 alichapisha katika jarida la Medical History makala kuhusu tiba ya ufalme wa Bunyoro-Kitara. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa taarifa ya Robert Felkin, mmisionari kijana aliyeshuhudia mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura, mwanamke akipasuliwa tumbo ili atolewe mtoto. Mpasuaji alimpa mwanamke pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuosha nayo tumbo la mgonjwa. Mishipa iliyovuja damu ilichomwa kwa chuma cha moto, na kidonda kikafungwa kwa sindano za chuma na uzi wa magome. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, mama na mtoto wakiwa hai. Felkin aliitangaza habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Kwa Davies, ustadi wa namna hiyo haungeweza kuzuka siku moja. Ulikuwa tunda la vizazi vya majaribio, hivyo Bunyoro ilistahili kuhesabiwa kati ya jamii zilizokuwa na udadisi wa kisayansi kabla ya Wazungu.

Habari nyingine iliyomshughulisha Davies ilikuwa ugomvi wa malale. Mwaka 1901 ndugu wawili wa Mengo walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini. Katika miaka michache iliyofuata ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Victoria. Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma tume ya watu watatu Entebbe: George Carmichael Low, Cuthbert Christy na Aldo Castellani, Mwitaliano kijana. Low alikuwa akishuku minyoo ya filaria, lakini dhana hiyo haikusimama. Castellani alishikilia kwamba chanzo ni bakteria aliyemwona katika maiti za wagonjwa.

Mwezi Novemba 1902, akiwa peke yake kwenye hadubini, Castellani aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Kimelea cha jinsi hiyo kilikuwa kimeshaonekana katika damu huko Gambia, bila kuhusishwa na malale. Castellani hakutangaza. Mwezi Machi 1903 akawasili David Bruce, ambaye alikuwa ameonyesha huko Zululand kwamba nagana ya ng'ombe hutokana na tripanosoma na huenezwa na mbung'o. Pamoja naye alikuja David Nabarro, aliyekuwa amepewa uongozi wa tume kabla ya kuwekwa chini ya Bruce.

Kuanzia hapo masimulizi yanapishana. Kwa maelezo ya Bruce, Castellani alikuwa ameona vijidudu hivyo kwa wagonjwa watano bila kuvipa uzito, tena alikubali kusema kwa masharti: Nabarro asiambiwe, na uchapishaji uwe wa Castellani peke yake. Kwa Castellani, ugunduzi ulikuwa wake tangu Novemba, na Bruce alifika kuuthibitisha tu. Makala ya Castellani ilitoka London mwezi Mei 1903. Miezi michache baadaye Bruce na Nabarro walionyesha kwamba mbung'o wa ukingoni mwa ziwa ndiye mwenezaji. Malumbano ya nani apewe sifa yalifika hadi kwenye barua za gazeti la The Times, na wahusika walikufa bila kukubaliana.

Mwaka 1962 Davies aliupitia mkasa huo katika jarida la East African Medical Journal, akifuata nani alijua nini na lini. Jina lisilopata nafasi ya kutosha katika ugomvi huo ni la Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda. Yeye na machifu waliwatuma watu kukusanya nzi sehemu mbalimbali na kuwapeleka Entebbe. Ramani ya mbung'o ilipolinganishwa na ramani ya malale, zikalingana. Ushahidi huo mzito ulitoka mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewagombea sifa.

Faida ya historia kwa tiba yenyewe ilionekana mwaka 1964. Davies, mrithi wake Michael Hutt na wenzao, wakiwemo Raphael Owor na L. A. R. Mtimavalye, walichapisha katika British Medical Journal uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu za Mengo za mwaka 1897 hadi 1956. Wengi waliamini kwamba saratani kwa Waafrika ni ugonjwa mgeni ulioletwa na maisha ya kisasa. Karatasi za Cook zilikanusha: aina za saratani zilizoonekana mwanzoni mwa karne zilifanana na zile za Kampala ya miaka ya 1950. Hata uvimbe wa taya wa watoto, ambao Denis Burkitt wa Mulago aliueleza mwaka 1958, ulikuwamo humo.

Miaka ya Idi Amin iliwatawanya walimu, na kazi hiyo ikafifia. Vitabu vikubwa vilivyofuata vimeandikwa zaidi na wanahistoria wa nje: John Iliffe wa Cambridge juu ya madaktari wa Afrika Mashariki mwaka 1998, na Marissa Mika juu ya Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 2021. Wote wawili walihitaji nyaraka zilizobaki Uganda.

Hapo ndipo penye kasoro. Somo lililozaliwa mikononi mwa madaktari limeachiwa wageni, ilhali daktari anayehitimu bila kujua habari za Kahura, Entebbe na Mengo huamini kwamba sayansi ya tiba iliingia nchini ikiwa imekamilika. Kumbukumbu za Cook zilitatua swali la saratani miaka 67 baada ya kuanza kuandikwa, na kutunza karatasi za namna hiyo, pamoja na kuwafundisha wanafunzi kuzisoma, ni sehemu ya kazi ya kitivo cha tiba.