Ganzi ya Tumbo kwa Nguruwe: Tulikotoka

Leo tuzungumzie siku ile nguruwe jike anaposhindwa kuzaa, na hakuna njia ila kisu. Je, mnyama apasuliwe huku anasikia kila kitu?

Nilipoanza kazi niliwaona watu wanne wamemkandamiza nguruwe, anapasuliwa bila ganzi ya kutosha. Alilia hadi sauti ikakauka. Watoto walitoka hai, lakini mama hakufika asubuhi. Mwenye nguruwe alipoteza mtaji wake wote.

Ganzi yenyewe ina safari ndefu. Wenyeji wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, walitafuna majani ya koka tangu kale, na midomo yao ikafa ganzi. Katika majani hayo ndimo ilimopatikana kokeini. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna aliidondoshea machoni, kwanza ya wanyama, kisha ya watu, na jicho likapasuliwa bila maumivu. Punde si punde William Halsted, huko New York, akaichoma karibu na mshipa wa fahamu wenyewe. Maana yake ni nini? Ni kama kuziba mfereji kwenye kichwa chake: maji hayafiki tena kwenye majaruba. Lakini kokeini ilimgeuza Halsted mwenyewe kuwa mtumwa wake. Ndipo ikatafutwa dawa salama zaidi. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lignokeini, ambayo madaktari wa mifugo wanaitumia hadi leo.

Sasa, nguruwe ana mafuta mengi, na mishipa hiyo haipapasiki kwa vidole. Kwa hiyo madaktari walizoea kuchoma sindano mgongoni, karibu na nyonga. Inafaa, ila miguu ya nyuma nayo hufa ganzi kwa muda.

Mwaka 2001 ilielezwa njia nyingine kwa binadamu: kumwaga dawa katikati ya matabaka ya misuli ya tumbo, mahali inapopita mishipa ya fahamu. Baadaye kikaongezwa chombo cha mawimbi ya sauti, kile kile cha kumtazama mtoto tumboni. Daktari anaiona ncha ya sindano kwenye kioo, habahatishi. Madaktari wa mifugo nao wakaijaribu kwa wanyama, nguruwe wakiwemo.

Lakini tusidanganyane. Ganzi hiyo hutuliza ukuta wa tumbo tu, siyo matumbo ya ndani; mnyama bado anahitaji dawa ya kumlaza. Na lignokeini ikizidi, huua. Si kazi ya kununua sindano dukani ukajichomea mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, nguruwe akisukuma muda mrefu bila mtoto kutoka, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo mapema, na umwulize bila haya: "Ganzi ipo?" Ni haki ya mnyama wako, na ni akiba ya mfuko wako.