Magonjwa ya upungufu wa lishe na ya tumbo katika uwanda wa kati wa Tanzania

Magonjwa ya upungufu wa lishe ni maradhi yanayompata mtu ambaye mwili wake umekosa kwa muda mrefu nishati, protini, vitamini au madini. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, hasa mikoa ya Dodoma na Singida, yaliyo muhimu zaidi ni unyafuzi, nyongea, udumavu, upungufu wa damu na upungufu wa vitamini A. Maradhi hayo huenda pamoja na matatizo ya tumbo: kuhara na minyoo huupokonya mwili virutubishi, na mwili uliodhoofika hushindwa kupambana na kuhara na minyoo.

Mazingira na chakula

Uwanda wa kati ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua huweza kukatika mazao yakiwa bado machanga. Wagogo, Warangi, Wanyaturu na wenyeji wengine hulima uwele, mtama, mahindi, karanga na alizeti, na hufuga ng'ombe na mbuzi. Mlo uliozoeleka ni ugali na mlenda, mboga ya majani yenye utelezi, mbichi wakati wa mvua, mkavu wa kutwanga wakati wa kiangazi. Kipindi kigumu ni Januari hadi Machi, ghala linapokuwa tupu na mama anashinda kwenye palizi.

Njaa iliyoacha kumbukumbu nzito Ugogo ni Mtunya ya 1917–1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Ukame ulipofuata, watu hawakuwa na akiba.

Unyafuzi, nyongea na udumavu

Unyafuzi, au kwashakoo, humpata zaidi mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu wa nafaka. Miguu na uso huvimba, nywele huwa nyekundu na kunyofoka kirahisi, ngozi hubanduka, na mtoto hukataa chakula. Kwa kuwa amevimba, huweza kudhaniwa amenenepa; mguu ukibonyezwa, shimo hubaki. Mwenye nyongea hukonda hadi mbavu zikahesabika na uso ukafanana na wa mzee.

Katika hali zote mbili utumbo nao huathirika. Ukuta wake husinyaa, vimeng'enya hupungua, na chakula kingi cha ghafla huweza kumuua mgonjwa. Kwa hiyo hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo, usiku na mchana.

Udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, huja polepole na haushtui mtu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania, kutoka asilimia 34 mwaka 2015–16. Sababu mojawapo ni uji wenyewe: ukiwa mzito, tumbo dogo hujaa kabla mtoto hajapata nishati ya kutosha, ukiwa mwepesi, ni maji matupu. Kimea cha mtama au cha uwele hutatua tatizo hilo, kwa sababu hulainisha uji mzito bila kuongezewa maji.

Upungufu wa vitamini A

Dalili ya kwanza ya upungufu huu ni kutoona vizuri wakati wa magharibi. Baadaye jicho hukauka na kioo chake hupata vidonda. Hospitali ya Mvumi, ya Kanisa Anglikana wilayani Chamwino, ina nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa huu, na nafasi hiyo inatokana na surua. Surua huleta kuhara, huondoa hamu ya kula na humaliza akiba ndogo ya vitamini A iliyomo kwenye ini. Katika jaribio lililofanyika Mvumi na kuchapishwa 1987, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 88 waliopewa dozi kubwa za vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida pekee walikufa 12. Kwa walio chini ya miaka 2, vifo vilikuwa 1 dhidi ya 7. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri vitamini A itumike kutibu surua katika nchi zenye upungufu huo. Leo watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake kila baada ya miezi sita.

Upungufu wa damu

Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49. Mtama na uwele vina madini ya chuma, lakini vina pia fitate inayoyazuia yasifyonzwe. Chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza kizuizi hicho. Malaria na minyoo ya safura huzidisha hali. Ubuyu una vitamini C nyingi, ambayo husaidia chuma kufyonzwa na huzuia kiseyeye.

Kuhara na matatizo mengine ya tumbo

Kuhara hutokana zaidi na maji ya malambo na visima visivyolindwa. Huua kwa kukausha maji mwilini, na hutibiwa kwa maji ya chumvichumvi (ORS) na vidonge vya zinki. Utafiti wa Wilbald Lorri na Ulf Svanberg, uliochapishwa 1994, ulionyesha kuwa watoto wa Tanzania waliokula uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko waliokula uji wa kawaida. Watu wazima husumbuliwa na kiungulia, kukosa choo, bawasiri na vidonda vya tumbo. Vidonda hivyo husababishwa hasa na bakteria Helikobakta pailori na dawa za maumivu, wala si pilipili.

Sumukuvu

Mwaka 2016 watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, na 20 kati yao wakafa. Walitapika, wakaumwa tumbo, macho yakawa ya manjano na matumbo yakajaa maji, kwa sababu sumu hiyo hushambulia ini. Kuvu huota kwenye mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani au zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Kinga

Unga unaosagwa kwa mashine ya kijijini hauna virutubishi vinavyoongezwa viwandani, hivyo kinga ya uwanda wa kati inategemea mchanganyiko wa mlo wa nyumbani: karanga kwenye uji na mlenda, mafuta ya alizeti ili vitamini A ifyonzwe, ubuyu, maziwa, chumvi yenye madini joto, na nafaka iliyokauka vizuri. Mtoto anayevimba miguu, anayeharisha huku macho yamedidimia, au anayekataa kula apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.