Namba Ubavuni mwa Tairi: Historia Fupi ya Haki ya Kujua

Nenda kwenye gari lililo karibu nawe, inama, usome maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Kwenye matairi mengi utalikuta neno la Kiingereza TREADWEAR likifuatiwa na namba: 200, 340, 500 au nyingineyo. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja wa matairi maana ya namba hiyo. Akanijibu, kwa kujiamini kabisa, kwamba ni kasi ya juu ambayo tairi linaweza kuihimili. Sikumcheka, kwani mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu, nilikuwa nimeendesha gari kwa zaidi ya miaka kumi bila kuitazama. Namba hiyo inalinganisha matairi kwa jinsi kashata zake, yaani ile michongo inayoshika barabara, zinavyochelewa kuisha. Iliwekwa pale kwa nguvu ya sheria, na sheria yenyewe ilipatikana kwa ugomvi. Leo napenda tuufuatilie ugomvi huo hadi ulipofikia, mahali ambapo wengi hawangepatarajia: kwenye mashindano ya magari ya watu wa kawaida.

Mashindano hayo huitwa otokrosi, na Marekani yana wafuasi wengi. Eneo pana la lami, kama vile maegesho au uwanja wa ndege wa zamani, hupangwa koni za plastiki. Madereva huingia mmoja mmoja, na kila mmoja hushindana na saa. Mzunguko huchukua takriban dakika moja, na kila koni inayoangushwa huongeza sekunde mbili kwenye muda wa dereva. Chama cha SCCA, kilichoundwa mwaka 1944, kimekuwa kikiandaa fainali za taifa za mchezo huu tangu mwaka 1973. Wengi wa washiriki hutumia gari lile lile litakalowapeleka kazini Jumatatu. Kwa kuwa kona hufuatana bila kupumzika, ubabe wa injini hausaidii sana. Kinachoamua ni tairi, upepo uliomo ndani yake, na mfumo wa springi na shokapu unaoliwezesha kuikanyaga lami sawasawa.

Madereva hawa walijua kwa mikono yao jambo ambalo raia wa kawaida alifichwa: gari zuri machoni linaweza kuwa na tabia mbaya kwenye kona. Jambo hilo ndilo lililozua ugomvi wetu.

Mwishoni mwa mwaka 1959, kampuni ya General Motors iliingiza sokoni gari dogo lililoitwa Chevrolet Corvair. Injini yake ilikaa nyuma, na ekseli za nyuma zilining'inia kwa namna iliyoruhusu gurudumu la nje, gari linapokata kona kali, kujikunja kuelekea chini ya gari. Stabilaiza ya mbele, nondo ambayo ingepunguza hatari hiyo, haikuwekwa kama kifaa cha kawaida. Badala yake kampuni iliagiza matairi ya mbele yajazwe upepo wa paundi 15 tu na ya nyuma 26. Kwa maneno mengine, usalama wa familia nzima ulikabidhiwa kwa kijana wa kituo cha mafuta, ambaye kwa mazoea angejaza matairi yote manne sawasawa. Mwaka 1964 stabilaiza ikawekwa kwenye kila gari, na mwaka 1965 mfumo wote wa nyuma ukaundwa upya. Wahandisi, basi, walikuwa wanajua.

Novemba 1965 mwanasheria kijana mwenye umri wa miaka 31, Ralph Nader, alichapisha kitabu *Unsafe at Any Speed*, na sura yake ya kwanza ilihusu Corvair. Kampuni ilimwajiria wapelelezi wachunguze maisha yake binafsi. Hila hiyo ilipofichuka, rais wa General Motors, James Roche, alilazimika kuomba radhi mbele ya kamati ndogo ya Seneti mnamo Machi 1966. Septemba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari, iliyoiagiza serikali pia kuweka, ndani ya miaka miwili, mfumo wa kuyapanga matairi kwa ubora ili mnunuzi aweze kulinganisha.

Haki inanitaka niongeze kwamba mwaka 1972 ripoti iliyoagizwa na serikali ilihitimisha kuwa Corvair hizo za mwanzo hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya rika lake. Wapo waliolitumia hitimisho hilo kumbeza Nader. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Kabla ya mwaka 1966 hapakuwa na chombo cha umma chenye uwezo wa kupima na kutoa jibu, hata jibu la kumkosoa mlalamikaji.

Ile miaka miwili ya sheria iligeuka kuwa zaidi ya kumi. Watengenezaji walipinga hatua kwa hatua, na mfumo ukaanza kutumika mwaka 1979 na 1980. Jaribio lenyewe lilikuwa la kusifika: misafara ya magari ilizunguka njia ya maili 400 huko magharibi mwa Texas hadi kutimiza maili 7,200, kisha uchakavu wa kila tairi ukalinganishwa na ule wa tairi la rejea. Februari 1983 serikali ya Ronald Reagan ikasimamisha upimaji wa uchakavu kwa hoja kwamba matokeo hayakuwa ya kuaminika. Shirika la Public Citizen, lililoasisiwa na Nader, likaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Rufani mjini Washington ikaamuru upimaji urejeshwe. Kwa hiyo namba unayoikanyagia matope kila siku ina hukumu ya mahakama nyuma yake.

Lakini ushindi huo ulikuwa na tundu. Sheria ilieleza jinsi ya kupima, ila anayeiandika namba kwenye tairi ni mtengenezaji mwenyewe. Aidha, alama ya mshiko iliyo kando yake, yaani AA, A, B au C, hutokana na kufunga breki kwenye njia nyoofu iliyolowa maji. Haisemi lolote kuhusu kona.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye koni. Kwa miaka mingi madereva wa otokrosi waliruhusiwa kutumia matairi laini mno, yaliyo halali barabarani kwa jina tu. Yalishika lami kama gundi, yakaisha upesi, na aliyekuwa na fedha zaidi alibadilisha seti nyingi zaidi. Ili mchezo urudi kwa mtu wa kawaida, SCCA ilitangaza mwaka 2014 kwamba magari yasiyobadilishwa sana yatumie matairi yenye namba isiyopungua 140, na mwaka uliofuata ikaipandisha hadi 200. Springi za kiwandani zilipaswa kubaki. Shokapu na stabilaiza moja viliruhusiwa kubadilishwa.

Nia ilikuwa njema, ila tazama kilichotokea. Namba iliyobuniwa kumweleza mama wa familia tairi lipi litadumu ikageuka kuwa tiketi ya kuingilia mashindanoni. Watengenezaji wakashindana kuunda tairi lenye mshiko wa mashindano, lililoandikwa 200. Leo matairi mawili yenye namba hiyo hiyo yanaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi: moja la kwenda kazini mwaka mzima, jingine la kupata joto kupita kiasi baada ya mizunguko michache hadi mwenyewe alinyunyizie maji. Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart alililonga jambo la namna hii mwaka 1975 alipokuwa akijadili sera ya fedha: kipimo kikishatumiwa kama rungu la kutawala, huanza kupoteza ukweli wake.

Madereva wenye busara walifanya nini? Hawakuitupa namba. Waliichukua kama mlango wa kuingilia, kisha wakapima wenyewe. Mwenye gari jipya kwenye mchezo huu huanza na tairi, kwa kuwa kila kitu kingine hupita ndani yake. Hutafuta linaloshika likiwa bado baridi, maana dakika moja haitoshi kulipasha. Hupaka chaki begani mwa tairi, na baada ya mzunguko hutazama imefutika hadi wapi: ikifutika kupita kiasi, huongeza upepo, isipoguswa, hupunguza. Gari linalosukuma kwa magurudumu ya mbele likikataa kukunja pua, huimarisha stabilaiza ya nyuma. Na kanuni kuu ni hii: badili kitu kimoja tu, andika daftarini, rudia, kisha linganisha na saa. Zaidi ya yote, huwaambia wenzao walichokiona, hata wale watakaoshindana nao wiki ijayo.

Sisi nasi tunaishi katika zama za namba. Mhadhiri huhesabiwa machapisho, mtumishi wa umma hujaziwa fomu ya utendaji, shule hupangwa kwa ufaulu. Kila mmoja wetu amewahi kuona "200" iliyoandikwa na mwenye tairi. Wanaharakati, msichoke kudai namba. Bila Nader tusingekuwa hata na ya kubishania. Watumishi wa umma, mkumbuke kwamba kuidai namba na kumwachia anayepimwa aiandike mwenyewe ni kufanya nusu ya kazi. Nanyi wanafunzi wangu, kabla hamjaamini takwimu yoyote, ulizeni maswali matatu: nani alipima, alipima nini hasa, na nani mwingine anaweza kurudia kupima?

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Lakini hata anayekilalia hubaki na muwasho tu, mpaka awashe taa na kuhesabu.