Mfuko Ulioachwa Kitini

Septemba 2027 itatimia miaka 40 tangu mji wa Goiânia, katikati ya Brazili, upatwe na janga la mionzi lisilotokana na mtambo wowote wa nyuklia. Lilitoka kwenye gofu. Kliniki ya tiba ya mionzi ilihama mwishoni mwa 1985 ikaacha nyuma mashine ya kutibu saratani, huku ugomvi wa jengo ukiendelea mahakamani. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na gramu 93 tu za chumvi ya sesiamu-137.

Tarehe 13 Septemba 1987 vijana wawili waling'oa sehemu yake yenye chumvi hiyo, baadaye wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kopo la chumvi hiyo likatobolewa, unga ukang'aa buluu gizani, ndugu na majirani wakagawiana kama tunu. Wakaanza kutapika na kuharisha. Hospitali ikadhani ni maradhi ya nchi za joto.

Kilichofuata kimeelezwa vizuri katika ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) ya 1988, nami naona ndicho kiini cha habari yote. Tarehe 28 Septemba mke wa mnunuzi, baada ya kuona watu wake wanaugua mmoja baada ya mwingine, alikitia kile chuma mfukoni, mfanyakazi akakibeba begani, wakapanda basi hadi ofisi ya afya. Alimweleza daktari kwamba kitu hiki kinawaua jamaa zake. Daktari aliingiwa na shaka, akautoa mfuko nje na kuuacha kitini uani.

Kwa bahati, mwanafizikia wa tiba alikuwa mjini kwa likizo. Asubuhi ya tarehe 29 aliazima kipima mionzi kwenye ofisi ya shirika la serikali lililokuwa likitafuta urani. Alipokiwasha, angali mbali na ofisi ya afya, mshale ulikimbia hadi mwisho wa kipimo. Akakielekeza huku na huku, mshale haukurudi. Akaamini kimeharibika, akaenda kubadilisha. Cha pili nacho kikafanya vilevile. Alipofika aliwakuta zimamoto wameitwa, wamekusudia kuuchukua mfuko wakautupe mtoni. Akawazuia.

Hebu fikiria mto ule.

Kazi ngumu zaidi ikawa kuwashawishi wakubwa. Maofisa wa afya wa jimbo hawakusadiki upesi, na saa za mchana zikapita hivihivi. Saa tisa alasiri ndipo simu ilipopigwa Rio de Janeiro, makao makuu ya Tume ya Taifa ya Nishati ya Nyuklia, CNEN. Mkurugenzi wake wa mitambo, José de Júlio Rozental, aliwasili usiku huo, saa sita na nusu. Siku 16 zilikuwa zimepita tangu chuma king'olewe. Brazili haikukosa wataalamu, wala haikukosa mipango ya dharura; lakini fikra zilikuwa Angra, kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia wa pwani. Muuguzi wa Goiânia hakuwa ameambiwa ampigie nani.

Baada ya hapo serikali ilifanya kazi kwelikweli, na inastahili sifa. Uwanja wa mpira uligeuzwa kituo cha kupimia, watu wapatao 112,000 wakapimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Nyumba saba zilibomolewa. Wanne walifariki mwezi Oktoba. Mama yule wa basi na mtoto wa miaka sita walikufa siku moja, tarehe 23.

Mazishi ya mtoto huyo bado yanauma. Watu wapatao elfu mbili walifika makaburini kuzuia asizikwe, wakarusha mawe, ijapokuwa jeneza lilikuwa limekingwa kwa madini ya risasi. Siwezi kuwalaumu hao peke yao, maana hofu ilishaenea kote. Hoteli za miji mingine ziliwakataa watu wa Goiânia, mazao ya jimbo la Goiás yakasusiwa, na CNEN ikalazimika kutoa vyeti zaidi ya 8,000 kuthibitisha kwamba mwenye cheti hana mionzi. Dawa zilikuwepo, vipimo vilikuwepo, lakini neno la kuwatuliza raia lilichelewa kuliko vyote.

Zikabaki taka, mita za ujazo zipatazo 3,500, ambazo hakuna jimbo lililozitaka. Hatimaye zilibaki Goiás kwenyewe, huko Abadia de Goiás, nje kidogo ya mji, na katika miaka ya 1990 zikafukiwa moja kwa moja.

Manusura walioungana katika chama chao wamepita miaka wakidai dawa na fidia. Palipokuwa na kliniki pamejengwa ukumbi wa mikutano. Katika Barabara ya 57, kiwanja ambako chuma kile kilianza kupasuliwa kimefunikwa zege, na hakuna aliyejenga juu yake.