Bunduki Isiyohitaji Shabaha

Mwindaji wa bara mwenye raifali haingii porini msimu unapofunguliwa mpaka aijaribu bunduki yake. Hutundika karatasi yenye alama, huegemeza mtutu, hupiga risasi chache, hutazama zimetua wapi, ndipo huirekebisha darubini. Ana sababu: risasi moja, mnyama mmoja.

Hapa kwetu Wete mambo ni mengine. Pemba haina nyati wala pofu. Nazungumzia popo, yule mkubwa ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hupita mita moja na nusu, na ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani petu. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1909, lakini Wapemba walimjua zamani, na waliomla walimnasa kwa mitego.

Kisha ikaja bunduki ya marisau. Hiyo haitaki karatasi wala darubini. Mchana popo hulala kwa mamia juu ya miti; mpigaji huelekeza mtutu juu, na marisau hutawanyika yenyewe. Wengine huanguka, wengine huruka na majeraha wakafie mbali, na kundi zima huhama. Na popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Tena misitu nayo ilikuwa ikikatwa. Mwaka 1989 watafiti waliwaona wachache mno, na mwaka 1996 popo wetu akaorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Aliponaje? Watu wa idara ya misitu na wenzao wa nje walipita vijijini kuzungumza, na wanavijiji wenyewe wakaamua kulinda. Pale Kidike, baina ya Wete na Chake Chake, popo walindwa na mgeni akawa analipa kuwatazama. Hesabu ya mwaka 2007 ilikaribia popo 20,000, na mwaka 2008 daraja lao la hatari likapunguzwa.

Wako wanaosema, popo ni mwizi wa embe, wa nini? Huyo mwizi ndiye anayezimwaga mbegu mbali na mti mama, bila ujira.

Kwa hiyo nasema: silaha isiyomtaka mtu alenge ndiyo inayomtaka afikiri zaidi. Mwenye raifali hujiuliza kama atapata. Mwenye marisau na ajiulize watabaki wangapi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.