Arboretum ya Nairobi: Bustani Iliyoanza kwa Kutafuta Kuni

Bustani ya kihistoria ya miti iliyo jirani na Tuala, mji mdogo ulio kusini mwa Nairobi, ni Arboretum ya Nairobi. Kwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko katikati, mgeni huzunguka kupitia Ongata Rongai na Barabara ya Magadi, akaingia mjini hadi karibu na Ikulu. Nyuma ameacha udongo mweusi na migunga ya hapa na pale. Huku kivuli kimefunga.

Haikupandwa kwa ajili ya matembezi. Ilianzishwa mwaka 1907 na Battiscombe, afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, miaka 5 baada ya Wajerumani kuanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea huko Amani, Usambara, katika Tanzania ya leo. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na injini zake zilikula kuni bila kushiba. Miti ya asili kama muhuhu na mwerezi ina mbao za kudumu, ila hukua polepole. Ukikata mmoja leo, anayepata mwingine ni mjukuu. Reli haikuwa na subira hiyo. Ndipo ikaletwa miti ya kigeni, mikaratusi ya Australia na misonobari ya Mexico miongoni mwake, ili ionekane ni ipi itakayokubali udongo na hali ya hewa ya Nairobi.

Mkaratusi ulikubali, pengine kupita kiasi. Treni ziliacha kuni zamani, lakini mti huo umebaki kila pembe ya Kenya: nguzo za umeme, kuni za viwanda vya chai, mipaka ya mashamba. Sifa yake ya kukua haraka ndiyo hiyo hiyo iliyouletea lawama, kwani hunywa maji mengi, na mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ukatwe kandokando ya mito.

Arboretum ilitangazwa hifadhi ya msitu mwaka 1932. Ina takriban hekta 30 na zaidi ya spishi 350 za miti, ya kigeni na ya kienyeji, chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Mingi ina vibao vya majina. Anayepita haraka bila kuvisoma huona msitu tu. Mto Kirichwa Kubwa hupita humo. Kima na tumbili hawaogopi watu, na mfuko wa ndizi haukai mkononi kwa muda mrefu. Wikendi hujaa familia, wapenzi, wanakwaya wanaofanya mazoezi, na waumini wanaoomba kwa sauti, kila mmoja na mti wake.