Dawa za kisukari na mishipa ya moyo

Hapa Nakuru ninakoishi, wagonjwa wa kisukari huniuliza sana swali hili: "Sukari yangu imeshuka, mbona bado napewa vidonge vya presha na vya mafuta?" Jibu lake liko moyoni.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu ukuta wa ndani wa mishipa. Mafuta hujikusanya hapo na njia ya damu ikawa nyembamba. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, huo ndio mshtuko wa moyo. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, kwa watu zaidi ya 4,000 waliofika miaka 50 au zaidi, ulikuta asilimia 6.6 wana kisukari, nusu wana presha na asilimia 21 wana kolesteroli nyingi. Maradhi haya hutembea pamoja.

Kushusha sukari peke yake hakutoshi. Mwaka 2008 utafiti mkubwa wa Marekani na Canada ulilazimika kusimamisha matibabu ya kuishusha sukari kwa nguvu, kwa sababu waliokuwa wakitibiwa hivyo walikufa zaidi. Ndiyo maana dawa hazilingani.

Metformini ni ya zamani na ya bei nafuu. Uingereza, mwaka 1998, ilionekana kuwa wagonjwa wanene walioitumia walipata mishtuko ya moyo michache kuliko waliotegemea mpango wa chakula. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini. Ukiimeza bila kula, sukari yaweza kushuka hadi ukazimia. Insulini nayo wengi huikimbia wakidhani ni ya kufa. Lakini mwaka 2009, wagonjwa 2,368 wenye kisukari na mishipa ya moyo iliyoziba walifuatiliwa: waliopewa insulini au dawa za kuisukuma, na waliopewa dawa za kuufanya mwili uitumie vizuri, walibaki hai sawasawa, takriban 88 katika kila 100 baada ya miaka mitano.

Empagliflozini, inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, ilileta habari njema mwaka 2015. Kwa wagonjwa wenye maradhi ya moyo, vifo vya moyo vilipungua kutoka karibu 6 hadi karibu 4 katika kila 100, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Tatizo ni bei.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usiache statini wala dawa ya presha kwa kuwa kipimo cha sukari kimekuwa kizuri. Mwulize daktari: moyo wangu umepimwa? Figo je? Dawa hii inaulinda moyo, au inashusha sukari tu?

Na ujue kwamba kisukari huua mishipa ya fahamu, hivyo moyo waweza kushtuka bila kifua kuuma. Ukihema ghafla, ukatokwa na jasho jingi na kulegea, usingoje asubuhi, nenda hospitali.